Chupa Nilizokuoshea

Ndeshi mwanangu,

Umeshuka mjini Moshi kutafuta viatu vya kukanyagia mawe, na umesema utakuwa umerudi kabla jua halijazama. Nimetoa kiti nje, nimekaa upande wa migomba ambako mwanga bado ni mzuri, nikaona nikuandikie sasa hivi. Ukishafika na kusimama mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umekula, na kila nililotaka kusema litaishia hapo.

Kwa hiyo mambo ya kula, ya kulala na ya kubeba sweta hutayaona humu. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kujibu lile swali la jana.

Tulikuwa tunamenya ndizi, wewe umekikalia kigoda changu kama kawaida yako, ukauliza bila hata kuinua uso: "Mama, nikikosea tena je?" Nikajifanya moshi umeniingia machoni. Nikainuka kwenda kuchochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu. Uliningoja kidogo, halafu ukachukua ndizi nyingine.

Nilikusikia. Najua pia ulikuwa unauliza nini. Kesho unakwenda kule kwenye chemchemi kuchota maji ya moto kwa mara ya pili, na Dokta anayekusimamia amesema wazi kwamba safari nyingine baada ya hii haipo. Maji yakichafuka tena, nafasi yako ya masomo atapewa mwingine. Na yale ya kwanza yalichafuliwa na mikono yangu. Hilo tunalijua wote wawili, sina haja ya kulizunguka.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yako ninavyoielewa mimi. Ukikuta nimekosea, cheka, halafu unisahihishe.

Ulipoanza masomo haya nilikuwa nawaambia watu kanisani kwamba unasomea maji. Mama Oliva, jirani yetu huyu asiyeacha neno lipite, akaniuliza palepale mlangoni: "Maji yana nini cha kusoma? Si ya kunywa na kufulia?" Wenzake wakacheka. Mimi nikasema, "Subirini tu, mtaona," lakini moyoni nilikuwa sijui watakachokiona ni nini. Nimeishia darasa la saba, Ndeshi. Nilikuwa najivunia kitu nisichokijua, kama mtu anayeimba wimbo wa lugha ya watu.

Nilikuja kuelewa jikoni, siku ile tulipokuwa tunapika mbege ya arusi, pombe yetu ya ndizi. Unakumbuka nilikusimulia pombe yangu ya kwanza, ile niliyopika peke yangu wewe ukiwa unatambaa? Bibi yako alikuwa amekwenda msibani. Nilikuwa nimechemsha ndizi mbivu siku ya kwanza, zikapoa vizuri, nikazichuja. Kilichobaki kilikuwa uji wa ulezi wa kuchanganyia. Kila mwanamke wa huku anajua uji ule unauacha upoe mpaka mkono unaingia bila kushtuka. Mimi nilikuwa na haraka, wanywaji walishaambiwa kesho yake waje, nikaumwaga ukiwa bado unatoa moshi. Nikafunika, nikaenda zangu. Kesho yake nafunua: kimya. Hakuna povu, hakuna harufu, pombe imelala kama maji ya kuoshea vyombo. Wazee wakaja na vibuyu vyao. Mmoja akaonja, akaniangalia, akasema, "Binti, hii ni ya watoto wa Sunday school." Jina hilo lilinifuata muda mrefu.

Nilipokusimulia hukucheka. Ulikaa wima, ukasema, "Mama, uliwaua." Nikakuuliza nimemuua nani tena. Ndipo ukanieleza kwamba kinachoamsha pombe ni viumbe hai, vidogo hata jicho halivioni, vinakula sukari ya ndizi na kutoa lile povu, na kwamba uji wa moto uliviunguza vyote. Nikakuuliza, "Na hivyo vya kwako?" Ukasema vya kwako ni ndugu wa ajabu. Vinaishi kwenye maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto kiasi cha kuivisha yai, na ukivitoa huko ukavileta kwenye ubaridi ndipo vinapozubaa. Kinachoua vya kwangu ndicho kinachovilea vya kwako.

Hapo nilishika. Nikakuuliza maswali mpaka ndizi zikataka kuungua. Ukaniambia huwezi kuvifuga vyote, kwa sababu vingi vikitolewa kwao vinakataa kukua. Kwa hiyo unachota maji, unayapitisha kwenye kichujio chembamba kuliko kitambaa chochote, vinabaki juu yake, halafu mnavitoa vinasaba na mashine inavisoma. Ukasema ni maandishi ya herufi nne tu, yanayojirudia kwa mpangilio tofauti, na kwa mpangilio huo unajua ni nani anaishi mle na amejengwaje mpaka moto haumli. Ukaongeza kwamba ili vinasaba visomeke lazima vinakiliwe mara nyingi, na kunakili kunataka kuchemsha na kupoza, kuchemsha na kupoza. Na kile kinachofanya kazi ya kunakili bila kuiva, watu walikipata kwa kijidudu cha chemchemi ya moto. Kwamba hata hospitalini wakipima ugonjwa kwa vinasaba, wanasaidiwa na jamaa wa huko. Jumapili iliyofuata nilimwendea Mama Oliva mimi mwenyewe. Nilimweleza yote, kuanzia herufi nne mpaka hospitali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe." Kwa Mama Oliva hilo ni jambo kubwa.

Sasa nije kwenye chupa.

Ulifika na lile boksi jioni, kesho yake alfajiri unaondoka. Uliliweka kwenye chumba cha pombe kwa sababu ndicho chenye ubaridi, ukaniambia, "Mama, hizi ni za maji ya moto," ukaenda kulala umechoka. Nami nikaamka mapema kukukandia maandazi, nikapita pale, nikafunua boksi. Ndeshi, mimi niliona vumbi. Labda lilikuwa juu ya vifuniko tu, labda lilikuwa machoni mwangu. Nikajiwazia: mwanangu anakwenda mbele ya wasomi wenzake na chupa zenye vumbi, watasema kwao hawaoshi vyombo? Nikachemsha maji. Nikafungua moja moja, nikaziosha kwa mikono yangu, nikaziinamisha kwenye kichanja cha vyombo vya pombe zikauke, nikafunga vizuri, nikarudisha kama zilivyokuwa. Nilikuwa naimba. Sikukwambia, kwa sababu nilitaka ukute tu zinang'aa.

Kumbe zilikuwa zimeshasafishwa chuoni kwa mashine mpaka hakuna kilicho hai ndani yake. Mimi ndiye niliyezitia uhai.

Siku ulipopiga simu nilikuwa napeta ulezi. Ulinisalimu shikamoo kwa sauti ambayo siijui. Kisha ukauliza, "Mama, uligusa chupa zangu?"

"Niliziosha. Zilikuwa na vumbi."

Nikasikia watu wanaongea huko ulikokuwa. Halafu ukanieleza polepole, bila kunifokea, na heri ungenifokea. Kwamba mashine imesoma, na kwenye maji ya chemchemi imekuta hamira ya mbege na vijidudu vya ngozi ya mtu. Kwamba kuna chupa moja ambayo hukuitia maji ya chemchemi kabisa; uliitia maji safi ya maabara makusudi, iwe ya kulinganishia, na yenyewe ilikutwa na mbege ileile. Kwa hiyo uchafu haukutoka kwenye chemchemi wala njiani. Ulitoka kwenye chupa. Ulitoka nyumbani.

Sasa sikiliza nilichosema mimi, maana hilo ndilo linalonisumbua, sio kuosha. Nilisema, "Si useme tu maji ndivyo yalivyokuwa? Hiyo chupa moja iache pembeni. Nani atajua?"

Ukasema, "Mama, mimi nimeshajua."

Ukakata simu taratibu. Nilibaki na ungo mkononi. Nilikuwa nimekulea mimi, peke yangu na bibi yako, na pale nikaona umekwenda mahali ambapo mimi nilikuwa sijafika.

Hata hivyo sikutulia. Unanijua. Nilikata jani la isale pale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo kama tunavyofanya, nikavaa ile nguo ya Pasaka, nikaja chuoni kwenu bila kukwambia. Njia nzima nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili. Pale mapokezi yule dada akaniuliza, "Mama, una miadi?"

Nikasema, "Nina isale."

Akaangalia mkononi mwangu, akasimama. Kumbe ni mtu wa Rombo, Mchagga mwenzangu. "Pita, mama. Wewe pita tu."

Dokta wako ni mtu wa Kigoma, yeye masikini hajui. Akanipokea kwa heshima, shikamoo mama, karibu kiti, umeniletea ua? Nikamwambia sio ua. Kwetu jani hili likiletwa halirudishwi. Aliyekosewa akilipokea, amesamehe. Akauliza, "Sasa nani amenikosea?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyeosha chupa."

Akaweka kalamu chini. Hakucheka, na nitamshukuru kwa hilo siku zote. Akasema, "Mama, mimi hujanikosea. Na mashine haina moyo wa kusamehe, inasoma kilichomo, basi. Lakini binti yako alikuja hapa akanieleza kila kitu kabla sijamuuliza, akaniwekea na ile chupa ya kulinganishia mezani. Ndiyo sababu anarudi kuchota tena. Umekuta mlango umeshafunguliwa, mama." Halafu akaligeuza lile isale mkononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Ila hili naliweka wapi?"

Yule dada alikuwa bado mlangoni. Akasema, "Kwenye maji, Dokta. Na usilitupe, mama akiwa bado njiani."

Uliposikia, ulinipigia simu. "Mama! Umekwenda chuoni na majani?" Nikajitayarisha kulia, wewe ukacheka mpaka ukakohoa, nami nikacheka. Lakini nilipokata simu nilijua kitu. Nilikuwa nimevaa nguo ya Pasaka nikaenda kuomba msamaha kwa mtu asiyehusika. Wa kuombwa alikuwa wewe. Sijawahi kuona mzazi akimpelekea mtoto wake isale, labda ndiyo maana miguu ilikwenda kwa Dokta. Kwa hiyo nakuomba hapa. Kwa chupa sikuombi, mwanangu, maana niliziosha kwa upendo, na ningeziosha hata zingekuwa za mtu mwingine anayekwenda nawe. Nakuomba kwa lile neno, "nani atajua". Lile sikulitoa kwenye upendo. Nililitoa kwenye woga, na nikataka uuvae woga wangu kama ulivyokuwa unavaa kanga zangu ukiwa mdogo. Ukakataa. Aika, mwanangu. Asante sana.

Halafu juzi ukaniambia kwamba ukitoka kwenye chemchemi hutapita nyumbani. Utakwenda na chupa moja kwa moja mpaka maabara ya Dar es Salaam, ukae huko mpaka masomo yaishe. Na boksi safari hii hukulileta hapa kabisa, limelala kwenye gari la chuo. Iliniuma, sitakuficha. Nilikwenda kumpa ng'ombe majani ambayo alikuwa ameshapewa. Nilipomaliza kumwangalia anakula nikaona umefanya sawasawa. Chupa zile zikipita hapa hata zimefungwa na kufuli, mimi nitazunguka zunguka nazo na kitambaa. Kuna vitu mtu unavilinda hata kwa mama yako, na mama mwenye akili anafurahi kwamba vinalindwa.

Sasa jibu lako.

Unajua nilikuwa Moshi mjini nafanya kazi za ndani nilipopata mimba yako. Nilikuwa kwa wale Wahindi wenye duka la vitambaa, watu wema, yule mama alinifundisha kupika dengu na kunifokea nilipoacha bomba wazi. Baba yako alikuwa fundi kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa upande wa pili. Nyumba ikaisha, na yeye akaisha. Hayo nilishakueleza. Sijakueleza nilivyorudi.

Nilikuwa na umri wa kuwa bado shuleni. Nilipanda huku Kirua na kifurushi changu, lakini nilishuka mbali na kwetu, nikaingia migombani nikakaa mpaka giza likaingia, nisionwe na mtu. Kila nikisikia watu wanapita na taa nainama. Nyumba nilikuwa naiona, nasikia mpaka bibi yako akikohoa, nikashindwa kuita. Nikaingia kwenye banda la ng'ombe nikajilaza kwenye majani makavu. Bibi yako alinikuta alfajiri alipokuja kukamua, ana ndoo mkononi. Aliniangalia tumbo, akaniangalia uso.

"Umefika saa ngapi?"

"Jana, mama."

"Ulikuwa unangoja nini huku?"

"Nilikuwa nangoja mlale."

Akaweka ndoo chini. Akasema, "Sasa tukilala, nani atakupokea?"

Hakusema lingine kuhusu jambo lile, siku ile wala baadaye. Alinipa maziwa yakiwa bado na moto wa kiwele, na nilipomaliza akanituma dukani, mchana kweupe, nikapite mbele ya watu wote na tumbo langu. Nilidhani ananiadhibu. Nilikuja kuelewa wewe ulipozaliwa, wanawake wote wa njia ile walipokuja na maziwa na ndizi kunitazama, kwa sababu walikuwa wameshaniona. Hakukuwa na cha kunong'ona. Kitu kilichonitesa usiku ule hakikuwa kosa. Ilikuwa ni kujificha nalo peke yangu, nikiwa hatua chache kutoka kwa watu wangu.

Wewe usiku wa namna hiyo hujaulala. Uliwahi kukosewa, ukaona kosa, ukalipeleka mezani kwa Dokta asubuhi na mapema ukiwa umesimama wima. Ndiyo maana sina hofu na safari hii. Sisi wa huku juu tukishuka Kahe tu tunalalamika joto, na wewe unakwenda kusimama juu ya maji yanayochemka bila moto, ukiwa na glavu na mkono usiotetemeka. Nimeona unavyochuja pombe nikikuomba unisaidie, humwagi tone. Naamini maji yako yatakuwa safi. Naamini mashine itasoma majina ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma.

Lakini uliniuliza ukikosea tena, na swali hilo nalo lina haki ya kujibiwa. Ukikosea tena, sema, kama ulivyosema mara ya kwanza. Nafasi ikienda, iende. Halafu rudi nyumbani. Rudi mchana, Ndeshi. Ushuke barabarani kwenye watu, upande na mzigo wako kichwani, Mama Oliva akikuuliza umwambie imekuwaje, asikie kwako kabla ya kwa mwingine. Usingoje giza, usipite migombani. Uanze kuniita ukiwa bado mbali, kwa sauti, hata kama ninapika, hata kama nina wateja wa mbege.

Na ukifanikiwa, njoo vilevile. Sauti ileile, njia ileile, mimi nitatoka vilevile.

Mama yako anayekupenda,
Mama Ndeshi
Kirua Vunjo